Sindano Isiyochoma

Sindano iliniingia kidoleni, barazani kwangu Limbani,
sikujua.
Damu ndiyo iliyoniambia,
tone moja juu ya kofia nyeupe ya Shaame Kombo,
kofia ya harusi, vitobwe mia mbili na ushei,
na mimi nasoga na Mwanakheri
kama si mimi niliyetobolewa.

Nikasema: sukari hiyo.
Kila kitu nimekisingizia sukari.
Miguu inayokanyaga pamba, sukari.
Ulimi mwekundu, laini kama sahani iliyooshwa,
kulisahau jina la mjukuu, Mungu anisamehe, sukari.
Na sukari yenyewe kila mwezi kipimo kizuri,
imetulia kama maji ya mtungini.

Miaka tisa nameza vidonge vyeupe,
kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula.
Nimeviheshimu kuliko nilivyomheshimu marehemu.

Daktari Thuwaiba wa hospitali ya Wete,
mtoto mdogo, watu wake wa Kojani,
hakuanza na miguu. Aliniuliza:
“Bibi, vidonge hivi tangu lini?
Na mayai unakula? Maini?”
Nikacheka. Mayai nauza.
Maini, bei yake waijua?
Mimi na muhogo wangu na chai kavu.

Akanieleza polepole, kama anayetunga uzi:
dawa inafanya kazi yake, usiitupe,
lakini huko tumboni ni bawabu mkali,
miaka ikipita humrudisha mlangoni
hata mgeni mwema,
vitamini B kumi na mbili,
na mishipa ya fahamu inamngoja, chakula kinapoa.

Sikumchukia bawabu.
Nimeishi na mume miaka thelathini,
najua anayekulinda anaweza pia kukupunguza.

Damu ikapimwa. Ikaja dawa ya sindano,
nyekundu kama sharubati ya choya,
siku moja ndiyo, siku moja siyo.
Na vidonge vyeupe palepale, havikuachwa.

Mguu wa kushoto pamba ingalimo.
Daktari kasema huenda ikabaki, nimechelewa kuja.

Lakini Alhamisi, kwenye kofia ya pili ya Shaame
(ile ya kwanza nimemlipa),
sindano ikanipata kidole kilekile.
Nikapiga ukelele, Mwanakheri kaangusha kikombe.
“Imekuuma?”
“Imeniuma! Wallahi, imeniuma!”
Nikakinyonya kidole,
nacheka peke yangu kama mwehu.