Goti Kwanza

Barua ilikuja Machi, Winnipeg ingali chini ya theluji:
wazazi wa watoto watakaoingia darasa la tisa,
Alhamisi, saa moja jioni, ukumbi wa michezo.
Nabintu aliisoma mara mbili,
ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa macho tu,
kisha akauliza, "Baba, utavaa nini?"

Jengo lile nalijua.
Miaka mitatu nalipiga deki, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri,
mimi na Rodel wa Manila na redio yake yenye ufa.
Nalijua bomba la ghorofa ya pili, lidondokalo usiku kucha,
nazijua meza zinazobandikwa bazoka kwa chini,
najua pia, kwa karatasi zilizofinyangwa mapipani,
kuwa mitihani ya hesabu hurudishwa Jumanne.
Mchana wake ndio nisioujua.
Sijawahi kuisikia kengele yake ikilia.

Basi nikavaa koti la harusi ya mdogo wangu.
Mwalimu mkuu akanipa mkono, akasema karibuni,
akatuelekeza ukumbini,
ukumbi niliokuwa nimeung'arisha jana yake.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo.
Mimi nilianza na jembe;
ugeni nimepewa leo.
Nikatazama sakafu: matope, chumvi ya barabarani,
alama za viatu mia tatu.
Kiganja changu kikatafuta mpini.

Mshauri alisema mengi.
Krediti thelathini, masomo ya lazima, ya hiari,
mtoto ajifunze kumwandikia mwalimu mwenyewe.
Kwa kila sentensi nne Nabintu alinipa moja,
na ile moja aliipunguza chumvi.
Mama mmoja mwenye ushungi wa kijani akainua mkono,
akauliza kama kuna mtu atakayehakikisha watoto wamekula.
Hakuna aliyecheka.
Wazazi wote tuliinama kidogo mbele
kulisikia jibu.

Halafu tukatembezwa.
Kila mtoto akapewa kabati la chuma la kujaribia,
kufuli la namba tatu:
kulia mara mbili, kushoto mara moja, kulia tena.
Vidole vya binti yangu, vinavyosuka nywele za mtaa mzima,
vikakataa kazi.
Akarudia. Akarudia tena.
Nyuma yake wavulana wawili walikwisha kufungua, wamefunga, wamefungua.

Kosa halikuwa la namba.
Makabati ya upande wa madirisha yamepinda kwa baridi;
husukumwa kwa goti kwanza, ndipo mlango uachie.
Nayafuta kila Jumatano, nayajua kama meno yangu.
Lakini nikisema, watu watauliza nimejuaje,
na yeye ana miaka minne ya kuishi
ndani ya jibu hilo.

Nikameza. Nikakohoa.
Kisha mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ukasema kwa Kiswahili:
"Goti."

Akanitazama.
Akatia goti. Mlango ukafunguka kwa kelele ya bati.
Msichana wa jirani akamuuliza jambo, haraka haraka,
na Nabintu akajibu haraka vilevile, kwa Kiingereza chao,
nikaambulia maneno mawili tu:
babangu, na usiku.
Yaliyokuwa katikati sikuyapata.
Ndani ya basi sikuuliza. Yeye naye hakutafsiri.
Alilaza kichwa begani mwangu vituo viwili,
akakumbuka umri wake,
akakiinua.

Mwishoni mwa Agosti yakaja majina na namba za makabati.
Lake, mia nne na kumi na nane. Upande wa madirisha.
Usiku ule nilibeba kikopo cha mafuta,
nikatia matone mawili kwenye bawaba, nikafungua, nikafunga,
nikafuta alama za vidole vyangu.

Rodel akasimamisha ndoo yake.
"Mbona hilo moja tu?"
Nikamwambia, linapiga kelele.
Akatazama korido nzima, mpaka mwisho.
"Murhula," akasema, "yote yanapiga kelele."