Kushoto Kwake

Betri naibeba kwapani, chini ya sweta mbili,
kama yai lililosuswa na kuku.
Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri
hunyonya umeme kuliko mota yenyewe,
na ndege iliyoishiwa angani haina pa kuegesha.

Kwanza rimoti, ndipo betri.
Kufunga kazi, kinyume: betri, ndipo rimoti.
Sirkka, mwenzangu wa tangu enzi za posta,
alipindua mpangilio huo mara moja tu.
Kidole chake cha shahada kina mshono wa sindano saba,
na rafadha haikumwomba radhi.

Natembea hatua thelathini juu ya barafu ya Porovesi.
Sirkka ameikumbatia ndege, pua ikitazama kusiko na mtu.
Napunguza nguvu ya mawimbi, nasukuma kijiti.
"Sawa!" anapaza sauti, mvuke ukimtoka. "Mkia pia, sawa!"
Skrubu nilizikaza jana jikoni.
Bawaba nilizivuta moja moja
kama anayejaribu jino la mtoto,
na hakuna iliyokubali kutoka.

Rafadha ya zamani ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.
Wahenga walisema ufa uzibwe.
Huu hauzibwi.
Niliivunjia gotini, vipande viwili,
nisije nikaionea huruma Jumapili.

Theluji inateleza chini ya skii zake ndogo,
kisha haitelezi tena.

Ikienda, kushoto ni kushoto.
Ikirudi, kushoto kwake ni kulia kwangu,
na mkono wangu ulihitaji miaka mitatu kukubali
kile ambacho kichwa kilikielewa siku moja.
Bawa linaloshuka, lipelekee kijiti upande ule ule,
kama unayeweka bega chini ya mzigo wa mwenzio.

Dakika ya sita. Jua limekaa juu ya misonobari.
Naigeuza itue.
Kutoka kwenye matete anachomoka mbwa,
na nyuma ya mbwa Eetu, mtoto wa Marjukka,
kofia nyekundu, mkononi kamba isiyo na mbwa.
Sirkka anamwita. Masikio ya mtoto yamo ndani ya sufu.

Kilo mbili na nusu, mwendo wa pikipiki.
Ningeweza kuongeza moto nikampita juu.
Ningeweza. Betri ikikubali.
Kidole kisipoteleza ndani ya glovu.
Neno "ningeweza" lina "kama" nyingi mgongoni.

Nikakata mota.
Nikailaza kushoto, kushoto kwake,
kwenye tuta la theluji lililoachwa na greda.
Ilitoa mlio wa mtu aliyekalia sanduku la viberiti.

Eetu akamkamata mbwa. Akatutazama, akaja mbio.
"Mbona mmeivunja?"

Sirkka akageuka kufuta miwani.

Betri ilikuwa imepinda kona. Ililala nje,
ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na ukuta wa mbao,
kwa sababu betri iliyoumia hukasirika polepole.
Asubuhi niliipeleka kwenye taka za hatari
pamoja na kopo la rangi na balbu mbili.
Oiva, jirani, akauliza hasara ni euro ngapi.
Nikamwambia bei ya bawa.
Akatikisa kichwa: bawa zima!
Bawa zima, nikasema, nikamwongezea kahawa.

Sasa Machi inadondoka kwenye paa.
Mbavu za balsa zimetanda mezani, mkate umehamia dirishani.
Eetu anashika ubavu wa nne wakati gundi inakauka:
dakika kumi, na kucheka hairuhusiwi.
Anauliza upande upi ni wa kushoto.
Inategemea, namwambia, inakwenda au inakuja.

Anaitazama mikono yake, mmoja, halafu wa pili,
na hauachilii ubavu.