Kidole cha Mwisho

Saa kumi na mbili nilikuwa tayari kwenye foleni,
namba kumi na tisa, dosiye kwapani
ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari,
maana Desemba, hapa Lubumbashi, mvua haibishi hodi.

Numbi ndiye aliyenifunga kifungo cha shingo.
"Leo usibishane na watu," akasema.
"Leo wewe si fundi. Leo wewe ni mgonjwa
ambaye bado hajaugua."

Dirishani, binti mmoja, Kapinga
(jina linaning'inia kifuani kwa uzi wa buluu),
akauliza: Baba, ulizaliwa lini?

Swali hilo lina majibu matatu.
Kuna mwaka wa mama: ule mto ulipobeba daraja la kwao.
Kuna mwaka wa karatasi: nilijiongezea miaka miwili
ili karakana ya reli inipokee,
kijana mwembamba ndani ya suruali ya kaka yake,
na sauti nzito ya kuazima.
Na kuna mwaka wa magoti.
Magoti yangu yalizaliwa kabla yangu.

"Andika ule wa karatasi."
Uongo wa miaka arobaini na mitatu,
leo ndiyo umeanza kunilipa:
kwa serikali, mimi ni mzee wa kutosha.

Wanaokutegemea ni nani?
Numbi, nikasema, na presha yake,
na vidonge anavyokata kwa wembe
ili mwezi mmoja uwe miwili.
Na wajukuu watatu. Mistari ikaisha.
Fomu haikuuliza habari za Kisimba, mwanetu,
aliyepona homa siku ya Jumanne
akaachiwa hospitalini Jumatatu ya tatu,
tulipomaliza kuuza cherehani, baiskeli,
na mabati yaliyokuwa yakingoja nyumba.
Nami sikueleza.

"Weka kidole gumba hapa."
Mashine ikawaza. Taa nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu.
Mkono mwingine. Nyekundu, nyekundu.
Nyuma yangu mtu akaguna:
"Mzee, hivyo ni vidole au ni vijiko?"

Binti yangu, alama zangu zilibaki kwenye chuma.
Kila ekseli niliyoisugua iling'aa,
mimi nikafifia kidogo.
Sasa ziko chini ya behewa fulani, njia ya Kamina,
zinasafiri bila tiketi.

Kapinga hakunicheka. Alilowesha pamba,
akanifuta vidole kimoja kimoja,
kama mtu anayetafuta maandishi chini ya vumbi.
Kikabaki kidole kidogo cha kushoto,
mvivu yule, aliyekaa kando ya tupa maisha yake yote
akiwatazama wenzake wakiisha.

Kijani.

"Kadi njoo uichukue baada ya miezi mitatu."
"Na nikiugua kabla?"
Akatazama kalenda ukutani, akatazama foleni.
"Baba," akasema taratibu, "jitahidi."

Nilirudi Katuba kwa miguu, mvua ikinipiga,
risiti ndani ya mfuko wa sukari,
kidole kile nimekikunja kiganjani
kama yai la kuku wa jirani.

"Wamekupokea?" Numbi akauliza kutoka jikoni.
Nikamwonyesha aliyepokewa.
Akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa makaa.
"Hiki? Hiki hata kitunguu
hakijawahi kunimenyea."