Namba ya Kumbukumbu

Shauri lilinifikia Jumanne, saa tatu usiku,
Oulu imezama thelujini hadi vioo vya magari,
na mimi, mpatanishi wa zamu, na kahawa iliyopoa.

Muuzaji: Sirkka Vainionpää, mjane, wa Kajaani.
Mnunuzi: Torsten Wikblad, wa Vaasa.
Mali: barometa ya shaba, kioo kina ufa mmoja
(ufa umetajwa, picha ya nne, hakuna aliyefichwa kitu).
Dau lililoshinda: euro themanini na nne.

Torsten aliandika kwa herufi kubwa,
kama mtu anayegonga mlango kwa kiatu:
NIMELIPA. SIKU KUMI NA MOJA. MZIGO UKO WAPI?
Sirkka aliandika kwa herufi ndogo, bila nukta:
sijaona hata senti ya mtu huyu
nimengoja siku saba kama kanuni inavyotaka
nikamuuzia aliyemfuata kwa themanini na mbili
barometa imeshapanda lori la posta kwenda Rovaniemi

Nikaomba karatasi za benki, pande zote mbili.
Ndiyo kazi yangu: kusoma fedha za watu
kama mkunga asomavyo tumbo,
kwa vidole, polepole.
Na tazama: tarehe tatu Februari
euro themanini na nne ziliingia Kajaani,
kwa jina la Gunvor Östman.

Gunvor ni nani?
Shemeji. Simu ya Torsten ilizama ziwani,
kwenye tundu alilokuwa akivulia samaki,
akamwomba mke wa kaka yake amlipie,
naye akalipa palepale, kwa moyo safi,
akakiacha kitupu kile kisanduku kidogo
cha namba ya kumbukumbu.

"Na wewe, Bi. Sirkka, hukuziona?"
Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake.
"Niliziona.
Marehemu alikuwa akiwadai watu wengi.
Alikopesha misumeno, mashine ya kutoboa barafu, hata suruali.
Nilidhani kuna mtu ametubu."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini hapa daftari lilikuwepo,
fedha zilikuwepo, zimelala kwenye mstari wake,
habari ndiyo iliyopotea.

Fomu yangu ina visanduku viwili tu:
Kosa la muuzaji. Kosa la mnunuzi.
Nikaweka alama katikati,
mashine ikakataa.
Hakuna mwizi humu.
Ningempata mwizi, ningelala mapema.

Basi nikaamua hivi, na sijui kama nilipatia:
themanini na nne zirudi, zote,
tena zirudi kwa njia zilizojia, kwa Gunvor,
maana fedha iliyopotea njia
haitafutiwi njia ya mkato.
Ile alama nyekundu, "mshindi asiyelipa",
ifutwe kwenye jina la Torsten usiku huuhuu.
Barometa ibaki Rovaniemi,
kwa mtu aliyelipa na namba yake.

"Na siku zangu kumi na moja?" akauliza Torsten.
Sina kisanduku cha siku.
"Na euro zangu mbili?" akauliza Sirkka, kwa aibu,
"nimeuza kwa bei pungufu."
Nikamwambia: fedha usiyoijua, uliza mwenyewe ni nani.
Hukuuliza. Mbili hizo ndizo bei ya kutouliza.
Nilipokata simu, sauti yangu ilinikera.

Alirudisha kabla ya saa sita.

Machi, barafu ya mtoni imeanza kulia,
Sirkka akanitumia picha ya karatasi ya benki.
Zimeingia euro mbili, kutoka Vaasa, T. Wikblad,
namba ya kumbukumbu imejazwa
tarakimu kwa tarakimu, hata sifuri za mwanzo,
kama mtoto aliyefundishwa kufunga kamba za viatu.
Chini yake bibi ameandika,
safari hii kwa nukta na alama zake zote:

"Hizi ni za nini? Nauliza."