Pembe Iliyofungwa

Usiku ule umeme ulikatika Uru nzima.
Baba, Ndewirwa, akabaki gizani akipukuchua mahindi,
vidole vyake havihitaji taa.
Uliporudi, balbu ilikuwa imevaa pete:
buluu kwa ndani, kisha njano, nyekundu pembeni.
"Nzuri," akasema. Kisha akatapika.

Mama alisema malaria. Jirani alisema kipandauso.
Mimi, fundi wa mabomba ya mji,
nilimteremsha Moshi kwa bodaboda,
kichwa amekilaza mgongoni mwa dereva
kama mtu anayesikiliza ugonjwa wa injini.

Hospitalini, muuguzi mmoja, Anasia, kalamu sikioni,
aligusisha kifaa kwenye jicho la kulia, akasoma:
hamsini na mbili.
Milimita za zebaki. Kwa kawaida haivuki ishirini na moja.
Nami niliyezoea kusoma geji,
ambaye baa sita hazinitoi jasho,
nilitishwa na shinikizo
ambalo lisingejaza hata tairi la baiskeli.

Daktari Kisanga alichora nyuma ya kadi.
Jicho lina maji yake. Yanazaliwa nyuma ya pazia la rangi,
yanapita mbonini, yanatokea hapa,
kwenye pembe, pazia linapokutana na ukuta wa kioo.
Pembe ikiwa wazi, unazeeka bila kujua unayo.
Ya mzee ni nyembamba tangu kuzaliwa.
Gizani mboni ilipanuka, pazia likajikunja,
mlango ukajifunga.
"Maji yanazaliwa yaleyale ya jana," alisema.
"Yamekosa pa kupita."

Najua habari za kona.
Kule Majengo tulilaza bomba la inchi nane,
likanyooka vizuri mpaka dukani kwa Temba,
tukalipinda nyuzi tisini kuukwepa mgrivea.
Mwagieni zege nyuma ya kiwiko, tuliambiwa, mifuko kumi.
Tukamwaga minne.
(Sita ilikwenda wapi? Naijua nyumba. Ina baraza zuri.)
Alfajiri ya tatu kiwiko kilitoka ardhini kama jino.
Shinikizo lilikuwa moja njia nzima.
Penye mnyooko liliishi kwa adabu;
kona ndiyo iliyolipa mahali pa kuegemeza bega.

Sikumwambia daktari hayo. Nilimwambia hili:
baba ni mtunza mfongo wa ukoo.
Mfereji ukiinama mno, maji yanakula kingo;
ukilala mno, yanalala nao, yanaacha tope.
Hajawahi kushika pima maji.
Hulala kifudifudi, shavu kwenye majani,
hufumba jicho la kushoto,
na kwa hili la kulia, hili hili,
huona mteremko ambao sisi wenye vyeti hatuuoni.

Wakamshusha kwa dawa kwanza.
Kisha mwanga mwembamba ukatoboa pazia, tundu la ncha ya sindano,
na siku iliyofuata la kushoto nalo, kabla halijalia.
Kumi na nane.
"Kumbe mmenichimbia mfongo," baba akasema.
Kisha, taratibu: "Huku upande wa pua kuna ukungu.
Utaondoka?"
Kisanga akakunja kadi mara mbili.
"Yaliyomwagika, mzee."
"Hayazoleki," baba akamalizia, kama anayeitikia salamu.

Jumatatu nilinunua mifuko sita ya saruji kwa pesa yangu.
Nilichimba peke yangu nyuma ya kiwiko.
Temba aliniuliza nani amenituma.
Nikamwambia, jicho.

Januari mfongo ulivunja kingo.
Baba akalala majanini, akafumba jicho la kushoto kwa mazoea.
Akakaa hivyo, muda.
Akalifumbua. Akafumba la kulia.
Mimi mtaroni, nimekumbatia jiwe, maji magotini.
"Inua," akasema. "Kidogo. Nimesema kidogo, wewe.
Hapo."
Maji yakasita,
kisha yakaenda.