Safu ya Maelezo

Daftari la washirika wa mtaa wetu, Mvumi Makulu,
lina safu sita. Ya sita ni nyembamba: Maelezo.
Humo ndimo ninamotakiwa kumweka kaka yangu kabla ya saa nane,
maana Mchungaji anataka kujua
kengele igongwe au isigongwe.

Ndahani Eliezeri Chilewa.
Kabatizwa mwaka wa njaa, kwa maji ya kuazima.
Kaokoka kwenye mkutano wa Kongwa, akavunja kibuyu cha pombe.
Katengwa.
Karudishwa; akashuhudia akilia, koti kalivaa nje ndani.
Katengwa.
Mwandiko wote ni wangu. Wino tu ndio unaobadilika.

Mchungaji Lechipya anasema wokovu ni maji ya pampu:
unateka leo, unateka kesho,
ukilala ndoo inakauka.
Mwinjilisti aliyekuja mwaka jana kutoka Mpwapwa,
mimbari ileile, kitambaa kilekile cha zambarau,
alisema ukishaandikwa umeandikwa,
hata ukilewa, jina lako halilewi.
Tuliitikia amina zote mbili.
Ile ya pili niliipaza zaidi,
namtazama kaka, amesinzia karibu na mlango.

Kama nilichaguliwa kabla sijawa udongo,
toba yangu ile, vumbi magotini, ilikuwa yangu
au niliazimwa?
Kama neema ni bure, mbona kila mwaka naletewa ankara?
Na kama hiari ni ya mtu mwenyewe,
Ndahani alizaliwa na kiu. Babu alikuwa nayo,
ng'ombe kumi na mbili walizama humo.
Hiari ya mtu aliyezaliwa na kiu ina ukubwa gani?
Punje ya uwele? Kata nzima?
Nani aliipima, kwa pishi gani?

Nakumbuka korongo lilivyojaa tukitoka kliniki, tungali wadogo.
Baba hakutushika viganja. Alitushika vifundo vya mikono,
akasema: Msinishike, mtachoka. Nitawashika mimi.
Mimi nilitulia.
Ndahani alijinyonganyonga kama kambale,
kiatu chake kilikuwa kinaelea, anakitaka.
Alama za vidole vya Baba zilikaa mkononi mwake siku tatu.
Mwangu hazikulala hata usiku mmoja.

Hilo sijalisikia likihubiriwa.

Ila nisijidanganye.
Mtoto wa Msanjila naye alikuwa na baba siku ile,
na baba yake naye alikuwa na mikono.

Wiki hii wanapogoa zabibu.
Matawi yaliyokatwa hawayachomi yote.
Yenye macho hai wanayafunga kwa kamba ya mkonge,
wanayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu.
Shamba lote lile la kule Bihawana
lilianza kwa matawi yaliyokatwa.
Nilimwambia Mchungaji.
Akanyamaza, akafuta miwani, akasema zabibu si theolojia.
Sawa.
Lakini si mimi niliyeanza kuitaja zabibu kanisani.

Saa saba na nusu.
Kwa mama wameshaanza kusonga ugali wa wageni.
Nimeshika kalamu mpaka imepata joto.
Kuandika "amepotea" ni kusema najua alikofika.
Kuandika "amelala katika Bwana" ni kusema vilevile.
Nimeandika maneno mawili yaliyotosha kwenye ule wembamba:
Tazama ng'ambo.

Nikageuza karatasi.
Ng'ambo hakuna kitu, mistari tu,
ila jina lake limepenya, limegeuka,
kama anavyoliona mtu aliyesimama upande ule.

Kengele yetu ni ringi ya lori, imetundikwa kwa mnyororo.
Nondo ya kugongea iko chini, imeegemea ukuta.
Haina kufuli.