Daftari la Rajabali

Kisutu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
bibi yangu hufoka: "Fagio khani ach!"
na fagio huletwa. Hatukuwahi kuuliza
neno lipi lilipanda meli na lipi lilimkuta hapa.

Mwaka jana alikuja binamu kutoka Bhuj.
Akatumwa sufuria, kisu, fagio,
akaduwaa katikati ya jiko.
"Hiki ni Kikachi gani?"
Bibi alinuna siku mbili.
Miaka sabini akidhani ni maneno ya mama yake.

Mimi Kikachi nakisikia, sikijibu.
Nafokewa kwa Kikachi, naomba radhi kwa Kiswahili.
Kiingereza ni cha benki, na cha kununia.

Basi babu alipofariki, daftari likashushwa kabatini,
jekundu, limefungwa uzi, linanuka naftalini,
nami nikawa kipofu mwenye macho.
Nikabahatisha tarakimu tu:
tisa. Tisa. Tisa tena.
Loo, nikasema, mtaa mzima tuliudai!

Mbonde akaweka mkasi.
Mbonde wa Utete, mkata vitambaa,
miaka arobaini na mmoja kwenye meza ile ile,
wateja wakimwita boi hata alipoota mvi.
Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Hiyo si tisa, Shirin. Ni moja.
Moja yao imekunja shingo."

Akasoma.
Kidole kikapita chini ya herufi zisizo na paa:
Mama Chaurembo, doti moja.
Fundi Mwinchande, yadi kumi na moja za marekani,
atalipa mwezi ukiandama.

Nani alikufundisha?
"Nani anifundishe? Umeme ukikatika nilishika taa,
babu yako akiandika. Macho hayana pazia."

Tukacheka. Akafunua, akafunua,
karibu na jalada akanyamaza.
Nini?
"Jina langu."
Mshahara wa Mbonde, haujalipwa, miezi...
Tarakimu sikuijua: kama ndoana iliyopinduka.

Ulijua kwamba imeandikwa?
"Taa nilishika mimi."

Juu, bibi anaita fagio. Hakuna anayepanda.
Mbonde ananigeuzia daftari,
polepole, kama mwalimu siku ya kwanza,
anaweka ukucha chini ya ile ndoana.
"Hii sasa," anasema, "ndiyo tisa."